Macho mazima, sura za watu hazionekani

*Ugonjwa wa retina unaowaandama wazee haumo katika hesabu za Mara. Kambi za macho husaka mtoto wa jicho, na asiye naye hurudi nyumbani akiwa ameambiwa ni uzee.*

MUSOMA. Saa tatu asubuhi dagaa wa usiku wameshaanikwa na mwalo wa Mwigobero umeanza kupoa. Kivulini, mvuvi wa zamani mwenye miaka sabini na ushei anashona wavu wa sangara uliochanika. Haingii tena ziwani. Vijana wanamletea nyavu, yeye anaziba, wanamlipa.

Anapofunga fundo anageuza uso upande, kama kuku anayekagua punje, kisha analitafuta tundu kwa kidole. Zamani hakuwa hivyo. Kwa maelezo yake, ilianza siku alipofumba jicho moja kukwepa jua akaona nyuzi zimepinda. Matundu ya kando yalikuwa sawa, lakini ya katikati yalijikunja, na penye kidole chake palikuwa na doa la kijivu. Alidhani ameuziwa uzi mbovu. Akanunua mwingine.

Alipofumbua macho yote mawili mambo yalirudi karibu na kawaida, ndiyo maana hakuwa na haraka. Jicho zima lilikuwa likilibeba bovu, huenda kwa miezi.

Ukimtazama, macho yake hayana kasoro. Si mekundu, hayatoi machozi, mboni haina weupe. Anarudi nyumbani kwa miguu bila mtu, anakwepa bodaboda, anamwona mbuzi akipita ubavuni. Asichokiona ni uso wa mtu anayezungumza naye.

Doa la katikati

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina. Ndio unaopokea mwanga na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Katikati yake kuna eneo lenye upana wa milimita tano na kidogo, makula, na eneo hilo dogo ndilo lenye kazi zote za usahihi: kusoma, kutunga uzi, kutofautisha noti ya elfu tano na ya elfu kumi, kumtambua mjukuu aliyesimama mlangoni. Sehemu nyingine ya retina huona pembeni. Inatosha kumwongoza mtu njiani, haitoshi kumsomea barua.

Umri unapopita miaka 50, na hasa 60, makula za baadhi ya watu huanza kuchoka. Chembe zinazopokea mwanga hutoa mabaki kila siku, na tabaka lililo chini yake lenye kazi ya kuyaondoa huzidiwa. Mabaki hayo hujikusanya katika vidonge vidogo vya rangi ya njano ambavyo daktari huviona akimulika ndani ya jicho. Hapo mtu anaweza asihisi chochote kwa miaka.

Kutoka hapo ugonjwa una njia mbili. Aina kavu, ambayo ndiyo ya walio wengi, humaliza chembe polepole kwa miaka. Aina ya majimaji huwapata wachache, kama mmoja kati ya kumi, lakini ndiyo iliyosababisha sehemu kubwa ya upofu mkali wa makula kabla ya tiba za sasa. Hapa mishipa dhaifu ya damu huchipua chini ya retina, huvuja, huivimbisha, na mwisho huacha kovu. Mistari iliyonyooka huanza kupinda. Kazi ambayo aina kavu huifanya kwa miaka, hii inaweza kuimaliza kwa wiki au miezi.

Katika miaka ya 1940 daktari wa macho wa Uswisi, Marc Amsler, alianza kuwapima wagonjwa wake kwa karatasi ya mistari: mraba wa sentimita 10 kwa 10, uliogawanywa kwa viraba vya milimita 5, na nukta katikati. Mgonjwa anafumba jicho moja, anakazia nukta, anaeleza mistari ikoje. Karatasi hiyo inatumika hadi leo, na haina umeme wala betri.

Mzee wa Mwigobero hakuwahi kuiona karatasi ya Amsler. Alikuwa nayo mapajani, ya nailoni.

> Kazi ambayo aina kavu huifanya kwa miaka, aina ya majimaji inaweza kuimaliza kwa wiki au miezi.

'Siku hizi anaringa'

Mara ni mkoa wa salamu. Iwe kwa Wajita wa kando ya ziwa, Wazanaki wa Butiama au Waikizu wa Bunda, mtu mzima hampiti mtu mzima mwenzake kimya. Sasa mchukue mama anayeuza dagaa sokoni, miaka sitini na minane, ambaye jirani yake wa miaka yote anampungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Mama anamtazama usoni, anageuka, anaendelea na mizani yake. Jioni mtaa mzima umeshasikia kwamba mama fulani siku hizi anaringa.

Ndugu nao hawamwelewi. Wamemwona akiokota sindano iliyoanguka chini, kwa sababu aliiona kwa pembe ya jicho. Dakika hiyohiyo anashindwa kusoma jina kwenye kadi ya mchango wa harusi. Anaona au haoni? Kuna familia huhitimisha kwamba anajifanya, anataka kuonewa huruma.

Hasara nyingine ni ya fedha. Mzee mwenye kiswaswadu hawezi tena kuona tarakimu kwenye kioo, kwa hiyo namba ya siri anampa mjukuu. Wapo wajukuu waaminifu. Wapo pia wazee ambao hela ya pamba, ya TASAF au iliyotumwa na mtoto aliyeko Dar es Salaam hupungua njiani kati ya simu na mfuko, na hawana namna ya kujua ujumbe ulisema kiasi gani.

Kanisani, mzee aliyekuwa akisoma somo la kwanza kila Jumapili anaomba apumzishwe. Haelezi sababu. Kwenye bao anaona vishimo vya pembeni na kuhesabu vibaya vya katikati, na baada ya kubishana mara mbili tatu anaacha kwenda. Mambo haya hayaandikwi kwenye fomu yoyote ya hospitali, na mimi naona ndiyo sehemu kubwa ya ugonjwa wenyewe.

Nakuru walihesabu

Kwa muda mrefu huu ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa Wazungu. Kuna ukweli ndani yake: takwimu za dunia zinaonyesha kuwa hatua kali ni adimu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko wenye asili ya Ulaya. Tatizo ni kwamba neno "adimu" lilisafiri hadi likafika kwetu likiwa "haupo", na kitu kisichokuwepo hakitafutwi.

Majirani zetu Wakenya waliutafuta. Mwaka 2007 na 2008 timu ya watafiti iliyokuwa na daktari bingwa wa macho Wanjiku Mathenge ilizunguka Nakuru, kijiji kwa kijiji, ikawapima watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Haikuishia kwenye chati ya herufi ukutani. Iliwatia dawa ya kupanua mboni na kupiga picha za retina, kisha picha hizo zikasomwa na wataalamu.

Matokeo ya makula yalichapishwa mwaka 2013. Kati ya waliokuwa na picha zinazosomeka, asilimia 11.2 walikuwa na dalili za awali, na asilimia 1.2 walikuwa wamefika hatua ya mwisho.

Asilimia moja inaonekana ndogo hadi uifikirie kwa watu. Katika kila wazee mia, mmoja. Kwenye mkutano wa kijiji wenye wazee mia mbili, wawili wao wanakutazama na hawakuoni usoni.

Nakuru si Musoma, na nisingependa mtu achukue asilimia hizo akazizidisha na wazee wa Mara kisha akatangaza idadi. Mkoa huu ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.3 kwa sensa ya 2022, na una maisha yake: jua la ziwani, moshi wa jikoni, kiko na sigara za wazee. Kuhusu jua, tafiti zimegongana na hakuna jibu la uhakika. Kuhusu tumbaku hakuna ubishi: mvutaji ana hatari ya kupata ugonjwa huu mara mbili hadi nne ya asiyevuta. Nasaba nayo ina mkono wake, kwa hiyo mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua ana sababu ya kupimwa mapema.

> Kati ya waliopigwa picha zinazosomeka Nakuru, asilimia 11.2 walikuwa na dalili za awali za ugonjwa wa makula na asilimia 1.2 hatua ya mwisho.

Kambi ikishapita

Tangazo la kambi ya macho hutangulia kwa gari la kipaza sauti. Wazee wanafika alfajiri, wengine wameshikwa mkono, wengine juu ya baiskeli. Wanapangwa kwenye benchi, wanamulikwa kwa tochi. Mwenye weupe kwenye mboni anaandikwa jina kwa ajili ya upasuaji. Mwenye macho mekundu anapewa dawa ya matone. Mwenye macho safi asiyeona anapewa miwani ya kusomea, na ikikataa anaambiwa ni uzee.

Walio upande wa mtoto wa jicho wana hoja nzito, na haifai kuipuuza. Mtoto wa jicho ndiye chanzo cha kwanza cha upofu duniani. Upasuaji wake kwa mkono uliozoea hauchukui hata nusu saa: lenzi iliyopauka inatolewa, ya plastiki inawekwa, na kesho yake bandeji ikifunguliwa mzee anamwita mwanawe kwa jina. Ni mara moja, imekwisha. Ukiwa na fedha kidogo na foleni ndefu, unaanza na nani? Mganga mkuu wa wilaya yeyote mwenye akili timamu ataanza na mwenye mtoto wa jicho.

Wagonjwa wa makula wanahitaji kitu kigumu zaidi. Aina ya majimaji inataka sindano ndani ya jicho, kwa kawaida kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kwa vipindi kwa miaka. Inataka mashine ya OCT inayopiga picha ya tabaka za retina ili daktari ajue maji yamekauka au bado. Inataka bingwa. Kwa Mara rufaa ya namna hiyo huelekea hospitali ya Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma, na kwa matatizo makubwa ya retina mtu husukumwa mbele hadi KCMC Moshi, au Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam.

Hata hivyo makundi haya mawili hayako mbali kama yanavyochorwa. Mzee mmoja anaweza kuwa na mtoto wa jicho na makula iliyoharibika kwa pamoja. Anapasuliwa vizuri, lenzi mpya inang'aa, bandeji inatoka, na bado haoni uso wa mtu. Hakuna aliyemweleza kabla. Anarudi kijijini na habari moja: wamenipasua na sioni. Kambi ya mwaka unaofuata inakuta benchi nusu tupu, na wanaokosa huduma safari hii ni wale ambao upasuaji ungewafungua macho kabisa.

Kwa hiyo hata anayejali mtoto wa jicho peke yake ana sababu ya kutia matone ya kupanua mboni na kuangalia nyuma kabla ya kuandika jina la mtu. Pale mboni imepauka mno hadi nyuma hakuonekani, basi mzee na mwanawe waelezwe mapema kwamba huenda kuna jambo la pili.

Watoto wanaocheza ukutani

Kuna dalili ambayo wazee wengi hawaisemi, hata kwa wenzi wao. Katika lile doa lisiloona, wanaanza kuona vitu visivyokuwepo. Watoto wadogo waliovaa nguo za rangi. Maua. Nyuso zisizofahamika. Ukuta wa matofali unaojichora penye ukuta wa udongo. Picha hizi hazina sauti, hudumu sekunde au dakika, na mara nyingi anayeziona anajua fika kwamba si za kweli.

Msomi wa Geneva, Charles Bonnet, aliziandika mwaka 1760 baada ya kumsikiliza babu yake, Charles Lullin, mzee aliyekuwa na akili timamu na macho yaliyofifia. Hali hiyo inaitwa kwa jina la Bonnet mpaka leo. Maelezo yake ni mepesi: ubongo ulizoea kupokea picha kutoka katikati ya jicho, na picha zisipokuja unajitengenezea za kwake. Si wazimu wala dalili ya kuchanganyikiwa, na kwa wengi hupungua zenyewe. Wapo wanaopata nafuu kwa kupepesa macho au kuwasha taa.

Geneva hilo lilikuwa jambo la kuandikwa kitabuni. Kanda ya Ziwa ni hatari. Huku kuna historia ya uchungu ya vikongwe kushambuliwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi, huku macho yao mekundu, ambayo mara nyingi ni ya moshi wa miaka jikoni, yakigeuzwa ushahidi. Bibi anayeishi katika mazingira hayo hawezi kumwambia mkwewe kwamba jana jioni aliona watoto wasiojulikana wamesimama karibu na kinu. Akisema, ataambiwa anaonana na mizimu, au atasemwa kitu kibaya zaidi. Ananyamaza.

Anayeweza kumfungua mdomo ni mhudumu anayeuliza kwa utulivu, wakiwa wawili tu: "Bibi, kuna wakati unaona vitu ambavyo wenzako hawavioni? Huwapata wengi wenye shida ya macho." Swali hilo halina gharama. Sijaliona kwenye fomu yoyote ya uchunguzi niliyopata kuishika.

Sindano ndani ya jicho

Neno sindano na neno jicho yakitajwa pamoja watu hushika uso. Kazi yenyewe ni fupi. Jicho linatiwa matone ya ganzi, linasafishwa kwa ayodini, kope zinashikiliwa wazi kwa waya mdogo. Sindano nyembamba inapita kwenye weupe wa jicho, milimita tatu na nusu hadi nne kutoka ukingo wa duara jeusi, na dawa inaingia ndani: tone moja, mililita 0.05. Mgonjwa anahisi kusukumwa zaidi ya kuchomwa. Hatari kubwa ni vijidudu kuingia, jambo linalotokea mara chache sana kazi ikifanywa kwa usafi.

Dawa hizo huzuia protini iitwayo VEGF, ambayo ndiyo inayoamuru mishipa mipya ichipue. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 lilitumia ranibizumab. Baada ya mwaka mmoja wa sindano za kila mwezi, wagonjwa kama 95 katika 100 walikuwa hawajapoteza kiwango kikubwa cha kuona, dhidi ya 62 katika kundi ambalo halikupewa dawa. Hadi theluthi moja waliona vizuri zaidi kwa kiwango kikubwa kuliko walivyoanza. Kabla ya hapo madaktari walikuwa na miale ya leza, iliyounguza mishipa na kipande cha makula kwa pamoja.

Hapo ndipo penye mgogoro. Ranibizumab, inayouzwa kwa jina la Lucentis, iligharimu Marekani karibu dola 2,000 kwa dozi moja. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa na ndugu yake, bevacizumab au Avastin, iliyoidhinishwa mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2005 daktari Philip Rosenfeld wa Miami akaijaribu ndani ya jicho, nayo ikafanya kazi. Ikigawanywa katika dozi ndogo ilikuwa kama dola 50.

Mwaka 2011 jaribio lililolipiwa na serikali ya Marekani liliziweka dawa hizo mbili kwenye mizani, na kwa uwezo wa kuona zikatoka sawa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka bevacizumab katika orodha yake ya dawa muhimu kwa matumizi ya jicho.

Wanaoipinga hawakosi hoja. Haikutengenezwa kwa ajili ya jicho, na kuigawa kutoka kichupa kimoja kunahitaji chumba safi na mfamasia anayejua anachofanya. Septemba 2023, katika jimbo la Punjab nchini Pakistan, makumi ya wagonjwa walipoteza kuona baada ya kuchomwa dozi zilizogawanywa bila usafi. Wenye dawa ghali huitumia habari hiyo, na si uzushi. Mimi nimesimama upande wa bevacizumab, kwa sharti la chumba safi, kwa sababu dawa ya dola 2,000 haitafika Bunda.

Anayeuza matone stendi

Basi la Mwanza likisimama Bunda, muuzaji hupanda na kichupa mkononi. Dawa yake inatibu ukungu, presha ya macho, mtoto wa jicho na "mishipa iliyolegea". Kichupa kimoja kinatibu yote hayo, na abiria hununua.

Hakuna tone linalorudisha makula. Vidonge vipo vyenye ushahidi, lakini ushahidi wenyewe una mipaka. Tafiti mbili za Marekani, ya 2001 na ya 2013, ziliishia kwenye mchanganyiko wa vitamini C na E, zinki, shaba, luteini na zeaksanthini. Mchanganyiko huo hupunguza kwa karibu robo uwezekano wa ugonjwa kufika hatua kali kwa watu ambao tayari wako hatua ya kati. Hauzuii kuanza. Haurudishi kilichopotea kwa aliyekwisha kufika mwisho. Toleo la kwanza lilikuwa na beta-karotini, ambayo huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji. Anayevuta asinunue kopo bila kusoma lebo, au bila kusomewa.

Luteini, kwa taarifa yako, imejaa kwenye mchicha na kisamvu. Hakuna aliyethibitisha kwamba kisamvu kinaponya makula.

Kwa hatua ya mwisho ya aina kavu, Marekani iliidhinisha dawa mbili mwaka 2023. Hupunguza kasi ya doa kutanuka, hazirudishi kilichopotea, na bei yake sitaitaja hapa.

> JIPIME NYUMBANI
> Vaa miwani yako ya kusomea kama unayo. Tazama kitu chenye mistari iliyonyooka: nondo za dirisha, kalenda ya ukutani, daftari la hesabu, wavu. Fumba jicho moja kwa kiganja, ukazie katikati kwa jicho lililobaki. Badilisha jicho. Mistari ikipinda, ikikatika au ikiwa na doa katika jicho moja, nenda ukapimwe wiki hiyohiyo. Mwenye miaka zaidi ya 50 afanye hivi mara kwa mara, jicho moja moja.

Waliobaki na ukingo

Walio wengi wana aina kavu, na kwao sindano si jawabu. Hapa ndipo mfumo wetu unapokosea zaidi, kwa sababu baada ya kusema "hakuna dawa" mazungumzo huishia hapo.

Yapo mengi ya kufanya. Lupa yenye taa. Kiti kilichosogezwa dirishani. Kamba ya rangi kali kwenye kizingiti, sahani nyeupe kwa ugali wa mtama na ya rangi nyeusi kwa wali. Simu janja inayosoma ujumbe kwa sauti, kwa mwenye uwezo nayo. Na mazoezi ya kutazama kwa pembeni, ambayo hospitali kubwa hufundisha kwa wiki kadhaa: kumtazama mtu sikioni ili umwone mdomo. Mvuvi wa Mwigobero alijifundisha mwenyewe. Kile kichwa alichokuwa akikigeuza kilikuwa tiba aliyoibuni bila kuambiwa na mtu.

La muhimu kuliko yote kwa familia ni kujua kwamba ugonjwa huu, peke yake, hauleti giza kamili. Ukingo unabaki. Mtu atatembea, atalima, atapika. Anayekaribia na ajitaje jina: "Shikamoo babu, ni mimi mtoto wa Nyakato." Nusu ya aibu imeondoka.

Kichupa kimoja, wagonjwa wangapi?

Kichupa cha bevacizumab kina mililita 4. Dozi ya jicho ni 0.05. Hata ukitoa inayopotea wakati wa kugawanya, kichupa kimoja kinawatosha makumi ya watu, lakini kikishafunguliwa hakikai. Ndiyo maana gharama ya sindano inategemea zaidi watu wangapi wamekuja siku hiyohiyo kuliko bei ya dawa dukani. Mzee mmoja akifika peke yake, kichupa kizima ni chake. Wakifika ishirini, kila mmoja analipia sehemu ndogo.

Hilo linahitaji siku moja ya mwezi inayojulikana mkoa mzima, na orodha ya majina. Orodha haipo kwa sababu hakuna anayeandika. Kilimanjaro walianza na kisukari: picha za retina hupigwa kwenye kliniki za wagonjwa wa sukari na kusomwa KCMC, ili anayeharibika aonekane kabla hajalalamika. Kamera ya namna hiyo haijali kama kilichoharibu retina ni sukari au miaka. Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, jengo lililokwama kwa miongo kabla ya kukamilishwa, ni mahali pa wazi pa kuiweka.

Bima nayo ina kona zake. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ulipangwa kumfikisha mwanachama hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwanza ilikuwa nje ya mpaka huo. Sera inamruhusu mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, na dirisha la wazee lipo, ila dirisha hilo haliuzi tiketi ya basi. Mzee wa Kiabakari anapanda gari hadi Bunda, kisha Lamadi, Magu, Mwanza, na hawezi kwenda peke yake. Ni nauli za watu wawili, kwenda na kurudi, miezi mitatu mfululizo, kabla hajajua kama sindano imemsaidia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023.

Wakati hayo ya bima yakipangwa, zahanati ya Butiama inaweza kuanza kesho kwa daftari lilelile ililonalo. Mgonjwa akiandikiwa "mistari inapinda, jicho la kulia, wiki tatu", anayempokea Mwanza anajua ni dharura ya retina kabla hajamgusa. Akiandikiwa "haoni vizuri, umri 71", atakaa kwenye foleni ya miwani.